Tembe za kila siku, sindano ya miezi miwili au ya miezi sita: wewe ungechagua ipi?

MamaOmena, Kisumu
Hamjambo humu. Mimi nauza omena Dunga, na mwaka wa pili sasa nameza tembe za PrEP, zile za kujikinga na VVU. Dawa yenyewe haina neno, taabu ni kichupa. Kinalia kama njuga mkobani, na shemeji akisikia anadhani ni ARV, za walioambukizwa. Nilikitia pamba kikanyamaza, lakini nikilala matangani Bondo nakiacha nyumbani kwa woga. Sasa nasikia kuna sindano mbili. Ni dawa ileile imeongezwa kipimo, ama?

Nesi_Mstaafu
Si ileile, dada. Kirusi kikiingia kwenye seli kina kazi kadhaa. Tembe zako zinakizuia kugeuza RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, kuwa DNA kama yetu. Cabotegravir, ya miezi miwili, inazuia hatua ya baadaye: ile DNA isijipachike kwenye yetu. Lenacapavir, ya miezi sita, haigusi hizo zote. Inashika ganda.

Mzigo wa kirusi, yaani hiyo RNA, umefungwa ndani ya ganda, kapsidi, lililojengwa kwa vipande zaidi ya elfu moja vya protini ya aina moja. Ganda hilo lazima lifike salama kwenye kiini cha seli, kisha lifunguke wakati wake. Dawa inajipenyeza kwenye maungio ya vipande, ganda linakakamaa, mzigo unakwama njiani. Na kama seli imeshaambukizwa, virusi vipya vinatoka na maganda kombo, visivyofaa kitu. Ndiyo maana wanaiita kundi jipya. Inatosha kidogo tu, tena inayeyuka polepole chini ya ngozi.

Dereva_Salgaa
Ya ganda nimeelewa. Tunadungwa wapi? Ile ya miezi miwili ni matakoni, na turnboy wangu alikaa upande mmoja kutoka Salgaa hadi Nakuru mjini 😂

Nesi_Mstaafu
Ya miezi sita ni tumboni, chini ya ngozi, sindano mbili kwa mpigo. Ukianza unameza tembe mbili siku hiyo na mbili kesho yake. Hizo usizisahau, ndizo zinazopandisha dawa mwilini haraka. Utaachiwa kinundu kigumu, usikikande. Na ukianzishwa dawa za TB zenye rifampicin sema mapema, zinapunguza nguvu yake.

Mwanachuo_Maseno
Utafiti wa PURPOSE 1 ulifanywa Afrika Kusini na Uganda, kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopewa lenacapavir, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2025. Bei ndiyo kichekesho: Marekani inapita dola 28,000 kwa mwaka, na toleo la bei nafuu kwa nchi kama yetu limetangazwa kwa dola 40 kuanzia 2027. Dawa ni moja!

Mzee_wa_Kondele
Mimi bado niko upande wa tembe. Tembe ikikukataa unaiacha leo. Sindano ya miezi sita utaichomoaje? Na ukikosa tarehe, dawa inabaki mwilini ikipungua kidogo kidogo. Ukiambukizwa hapo, kirusi kinaizoea.

Nesi_Mstaafu
Mzee hajakosea. Ndiyo sababu unapimwa VVU kabla ya kila sindano, na ukiamua kuacha ilhali hatari bado ipo, unarudi kwenye tembe. Ila nimeona wengi wakishindwa na tembe kwa sababu ya macho ya watu tu. Kwa huyu dada mwenye kichupa cha pamba, ningesema sindano. Kondomu ibaki palepale lakini, kaswende haijui kapsidi.

MamaOmena, Kisumu
Nitaenda kuuliza Aprili, omena ikifungwa ziwani, hapo nina nafasi. Nesi, hicho kinundu, nikifunga leso kiunoni si kitauma?

Nesi_Mstaafu
Siku za mwanzo, kidogo. Mwonyeshe anayekudunga pale unapofungia, achague mahali pengine.