Chama chetu cha tiba asili kinatukumbuka siku ya ada tu. Tumechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni mganga wa tiba asili. Sipigi ramli, wala sibandiki vibao vya mvuto wa mapenzi na pete za bahati kwenye nguzo za umeme. Kazi nimeachiwa na bibi yangu mzaa mama, nimesajiliwa, cheti kipo ukutani. Ada ya chama nimelipa miaka sita mfululizo na risiti zote ninazo.

Mwezi uliopita, Jumatano asubuhi, nilikuwa na mama mmoja aliyemleta mwanawe mwenye ukurutu. Nachota unga wa majani ya mwarobaini niutie kwenye kikopo, mara wakaingia watu wanne: afisa afya, mwenzake mwenye daftari na mgambo wawili. Wakaomba cheti changu, nikawaonyesha. Wakaomba cha kila dawa iliyopo rafuni. Hapo nikakwama. Dawa ninazo kumi na moja, hakuna hata moja iliyosajiliwa. Wakabeba ndoo mbili za unga na chupa zote za mizizi niliyoichemsha siku mbili, wakazitumbukiza kwenye kiroba mbele ya mgonjwa. Mtoto akaanza kulia. Yule mama hajarudi mpaka leo.

Nikampigia katibu wetu. Mara ya tatu ndiyo akapokea. Akaniambia: "Hayo malizaneni huko huko. Halafu ada yako ya mwaka huu bado sijaiona."

Nilikata simu mkono unatetemeka.

Sisemi wakaguzi wamenionea. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, Baraza lipo, na dawa inatakiwa ipimwe usalama wake kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kabla ya kusajiliwa. Kosa langu nalikubali. Lakini miaka sita yote hiyo ni nani kwenye chama aliyekaa na mimi akanielekeza? Wengi wetu tumeishia darasa la saba. Fomu inajazwaje, sampuli inafungwaje, lebo iandikwe nini, hatujui, na kuuliza tunaona aibu. Chama chenye watu mkoa mzima kingeweza kukusanya sampuli zetu zikaenda kwa mkupuo mmoja, mtu mmoja akazifuatilia. Badala yake kila mmoja anapanda basi kwa nauli yake akaulizie dirishani, anarudi na nusu ya maelezo. Kwa kazi hiyo ningelipa ada hata mara mbili. Lakini michango tunayochangishwa kila mwaka ni ya fulana na turubai za Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, 31 Agosti. Tukishapiga picha na mgeni rasmi, basi, mpaka mwakani.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko ndoo zangu. Ndani ya chama hicho hicho wamo watu wanaosaga vidonge vya hospitali wakachanganya na unga wa mizizi ili mgonjwa apate nafuu ya haraka. Mzee anauziwa "dawa ya nguvu", kumbe ana presha, anadondokea chumbani. Wanajulikana, tumewataja vikaoni kwa majina. Hakuna aliyesimamishwa hata siku moja, kwa sababu ada wanalipa, tena kwa wakati. Tapeli akikaa na kadi ya chama mfukoni, hiyo kadi kwangu mimi ina maana gani?

Tumeshaona gharama ya kuchanganywa na matapeli. Januari 2015 serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na ilikuwa haki kabisa, sisi wa majani na magome tuliangaliwa barabarani kama wauaji. Mwishoni mwa 2016 Wizara ya Afya ikazuia vipindi na matangazo ya tiba asili redioni na kwenye televisheni kwa sababu ya watu waliokuwa wakidai kuponya kila kitu. Mara zote mbili nilingoja viongozi wetu wasimame waseme sisi ni akina nani na tunawakataa akina nani. Sikusikia sauti.

Halafu kuna siri ya dawa. Pale Muhimbili kuna taasisi ya utafiti wa dawa asilia tangu 1974, wataalamu wapo. Lakini mganga anaogopa kuutaja mti wake, anahofia utachukuliwa naye abaki na shukrani. Hofu hiyo dawa yake ni mwanasheria wa chama, akae mezani na mganga, mkataba usomwe kwa Kiswahili, haki yake iandikwe kabla jani halijatoka mfukoni. Kijijini kwetu alikuwepo mzee wa dawa ya nyoka, watu walimfuata kutoka mbali. Alikataa kuitoa kwa mtu yeyote mpaka akafa. Wanawe wote wako mjini, hakuna anayeujua ule mzizi. Kila nikikumbuka moyo unauma.

Mkutano mkuu umetangazwa wa mwezi ujao. Uchaguzi haujafanyika tangu nijiunge, na kitabu cha hesabu sijawahi kukiona kwa macho. Safari hii ada yangu naenda nayo mkononi, naiweka juu ya meza pale pale wakishasoma mapato na matumizi mbele yetu. Wasiposoma narudi nayo nyumbani, niitumie kupeleka sampuli zangu mwenyewe, nianze na huo mwarobaini.

Wenzangu wa mikoa mingine, huko kwenu chama kimewahi kumsimamia mtu akikaguliwa? Na aliyekwisha kusajili dawa naomba aandike hapa hatua kwa hatua, tuko wengi tunaohitaji.