Milio kwenye Kichina (pūtōng, huālālā, dīdā...) ina mpangilio au ni kukariri tu?

Binti_Nansio

Wakuu habari za jioni. Nimepata kakazi ka kutafsiri vitabu vya picha vya watoto kutoka Kichina kwenda Kiswahili, hadithi fupifupi, picha kubwa na maneno machache chini, nikajua huu mteremko. Kumbe nusu ya maneno yenyewe ni milio! Bata katumbukia bwawani pūtōng, mvua huālālā, radi hōnglōnglōng, nyuki wēngwēng, tumbo la dubu lina njaa gūlūlū, mlango pēng, afu mtoto kalala hūhū. Hapo kwenye hūhū ndo nikagoma kabisa maana ukurasa wa nyuma yake hūhū hiyohiyo ilikua upepo. Kamusi yangu inaandika "mlio wa kitu" basi, imemaliza.

Sasa naomba kueleweshwa, hivi hii milio ina utaratibu wowote au kila mmoja unakariri kivyake? Na pia nikiitafsiri niache pūtōng ibaki pūtōng mtoto ajue hii hadithi ya Kichina, au niweke ya kwetu? Anayenipa kazi anataka ibaki vilevile ila kwa herufi zetu, "puutong", mi roho inakataa.

Mzee_wa_Wuhan

Dada hongera kwa kazi. Mi nlisoma Wuhan, mwaka wa kwanza lugha tupu kabla ya kwenda kwenye fani, na hii mada walimu huwa wanairuka kwa sababu haiji kwenye mtihani, ila ukikaa mabwenini au sokoni ndo unaisikia kutwa nzima. Utaratibu upo tena mkubwa tu, ngoja nikupe kama ninavyoufahamu.

Sikiliza irabu kwanza. Milio mingi ya vipande viwili inaanza na i nyembamba halafu inafungukia a: dīdā ni tone la maji au saa ya ukutani, dīngdāng ni kengele au vyuma vidogo vinagongana, pīngpāng hiyo unaijua. Hutamsikia Mchina anasema dāngdīng, itamkwaruza sikio. Wakitaka fujo izidi wanachomeka l katikati na mwishoni, kwaiyo pīngpāng ikivurugika kabisa unapata pīlipālā, ambayo ni fataki za mwaka mpya, ni mafuta yanarukaruka kikaangoni, ni mtu anachapa kompyuta kwa hasira. Kuna dīnglingdānglāng (masufuria yameporomoka), xīlihuālā (vitu vimebomoka au mtu kalia mpaka basi), na jīligūlū ambayo ni mtu anaongea lugha usiyoielewa, hiyo nlikua naambiwa mimi nikipiga simu nyumbani. Angalia silabi ya pili na ya nne, zote zina l. Ukishaiona hiyo huwezi tena kuacha kuiona.

Halafu toni. Karibu milio yote ni toni ya kwanza, ile ya juu isiyopanda wala kushuka, so ukikutana na mlio hujui toni yake weka ya kwanza tu na mara nyingi umepatia. Wapo wabishi wachache, mfano xīlì ya mvua nyepesi mwisho inashuka, na chafya ātì nayo inashuka.

Na maandishi sasa, hapa ndo patamu. Utaona kiboksi kidogo kushoto 口, huo ni mdomo, na ukiwa pale mara nyingi maana yake achana na maana soma sauti. 咚 dōng ya ngoma au kugonga mlango ni mdomo pamoja na 冬 dōng ambayo yenyewe ni majira ya baridi, baridi haihusiani kabisa na ngoma, wamechukua sauti tu. 喵 miāo ya paka ni mdomo na 苗 miáo, mche wa mmea. Lakini 咩 miē ni mdomo na kondoo 羊 mwenyewe, hapo wamekuonea huruma. Mbwa 汪 wāng hana mdomo, ana matone ya maji, kwa sababu neno lenyewe asili yake ni dimbwi likaazimwa tu kwa ajili ya kubweka. Halafu pīngpāng 乒乓 ni kituko kabisa, wamechukua 兵 askari wakamkata mguu mmoja mmoja, wa kwanza hana wa kulia wa pili hana wa kushoto, basi wakapata maandishi mawili ya mpira wa meza.

Hūhū ntarudi, nipo kwenye daladala.

MseeWaThika

Wasee niaje. Huyo bosi wako dada yuko wrong kabisa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi na hizi ndizo tunaita tanakali za sauti, watoto wanazipenda kuliko kitu chochote, ukiwaambia bata alianguka majini chubwi! darasa lote litarudia chubwi chubwi mpaka kengele ilie. Ukiwaandikia "puutong" watakuuliza mwalimu huyo ni nani. Mtoto hajafungua kitabu ajifunze Kichina, amefungua acheke.

Na tusijidharau, sisi tuko nazo tele: kuanguka pu, kutumbukia chubwi au tubwi, kugonga ngo ngo ngo, kucheka kwi kwi kwi, kulala fofofo. Tena zetu zinaenda hadi mahali hakuna sauti, giza totoro, nyeupe pe, nyekundu ndu, kujaa pomoni, kimya jii. Wachina wako na hiyo ya giza na kimya kweli? Nauliza tu, sina ubaya.

Mzee_wa_Wuhan

Mwalimu wanayo bana, ila inakaa tofauti kidogo. Giza totoro wao watasema hēiqīqī, hēi ni nyeusi na qī ni ile rangi ya kung'arisha mbao wanayoitoa kwenye mti, imerudiwa mara mbili. Kimya jii ni jìngqiāoqiāo. Neno la kawaida mbele, kirudio nyuma, kama mkia. Sema mkia wao unagandana na neno linakua moja, wetu unasimama peke yake, ndo maana wa kwetu unaweza kuupigia kelele wakati unasimulia na wa kwao unausoma tu kwa upole.

Kaka_Mzigo_GZ

Mi sijasoma kama nyie, nipo Guangzhou mambo ya mizigo, nakupa ya kwenye simu maana huko ndo utaumia. Kwenye WeChat mtu akikucheka hāhāhā ujue yuko sawa, xīxī ni kicheko cha kike cha utani, ila akikuandikia hēhē peke yake aisee hiyo sio kicheko, hiyo ni "haya sawa endelea kujidanganya". Kuna jamaa wa Kariakoo alikua anamalizia kila meseji kwa muuza viatu na hēhē akidhani anachangamka, muuzaji akawa anajibu kwa neno mojamoja mpaka mwisho akaacha kujibu.

Afu kuna 555. Tano kwa Kichina ni wǔ, ukizisoma haraka tatu unapata wūwūwū ambayo ni kulia, kwaiyo 555 ni mtu analia machozi. Sasa hapa sokoni wanakuja na Watailandi, na kwao tano inaitwa ha, 555 ni hahaha! Fikiria kundi moja la WeChat mmoja katangaza kontena limechelewa, Mchina kaandika 555 na Mtailandi nae 555. Umeona vita inavyoanza.

Pwagu_wa_Tabora

Samahani kama nakosea wakuu ila hii naona ni lugha ya watoto tu. Nilikua nategemea Wachina kwa ustaarabu wao wa miaka elfu wana mambo mazito ya kujadili sio mlio wa bata.

Mzee_wa_Wuhan

Pwagu ndugu yangu, kitabu chao cha mashairi cha zamani kuliko vyote, Shijing, kina zaidi ya miaka 2500, shairi la kwanza kabisa kwenye kitabu, mstari wa kwanza, maneno mawili ya kwanza ni guān guān. Unajua ni nini? Mlio wa ndege wa majini. Ndo wameanzia hapo hao wenye mambo mazito.

Na kwenye kitabu hichohicho kuna shairi la paa, linaanza yōu yōu lù míng, paa wanalia yōu yōu wakiwa wanakula majani porini, na ubeti wa pili unataja jani lenyewe, hāo. Sasa kuna mzee mmoja wa Ningbo mwaka 1930 kapata mtoto wa kike akampa jina kutoka kwenye huo mlio wa paa, Youyou. Huyo mtoto ndo Tu Youyou, aliyekuja kutoa dawa ya malaria kwenye mmea wa qīnghāo, hāo ileile ya shairi, akapewa Nobel 2015. Dawa mseto unayomeza hapo Tabora ukipimwa ukakutwa na malaria, ile ALu, imetokana na kazi yake. Kwaiyo mlio wa mnyama umekupitia tumboni mwako mzee, hebu uheshimu.

Pwagu_wa_Tabora

Duh. Nimenyoosha mikono. Endeleeni na bata wenu.

Binti_Nansio

Hahaha Pwagu nimecheka kwa sauti. Mzee wa Wuhan asante sana, ya paa nimeihifadhi. Ila rudi kwenye hūhū tafadhali ndo imenikwamisha, na pia nimegundua sehemu zingine wanaandika pūtōng yī shēng na zingine pūtōng pūtōng, ni kitu kimoja?

Mzee_wa_Wuhan

Nimefika nyumbani sasa. Hiyo umeuliza kitu cha maana kuliko vyote, na ndo itakuokoa kwenye tafsiri.

Ukiona yī shēng nyuma ya mlio, maana yake mlio mmoja, mara moja, ghafla, basi. Pēng de yī shēng ni mlango umejibamiza mara moja. Pūtōng yī shēng ni bata kaingia majini mara moja. Hapa tumia zile za mwalimu wa Thika bila kuogopa, kitenzi halafu mlio nyuma yake: bata akatumbukia chubwi! Mlango ukajifunga pa! Kwetu mlio wa aina hiyo unakaa mwisho unapiga na sentensi inaishia hapo, wao wanauweka mbele kabla ya kitenzi, kwaiyo usifuate mpangilio wao utatoa sentensi kilema.

Ukiona mlio umerudiwa, pūtōng pūtōng, wēngwēng, shāshā, huālālā, hapo ni kitu kinaendelea, na mara nyingi Kiswahili hakihitaji mlio hapo kwa sababu tuna vitenzi vinavyobeba sauti ndani yake. Nyuki wēngwēng, nyuki wanavuma. Radi hōnglōnglōng, radi inanguruma. Tumbo gūlūlū, nalo linanguruma, ila dubu wa watoto unaweza kumpa ngurrr atapendeza zaidi. Na pūtōng pūtōng iliyorudiwa sio lazima iwe maji, cheki picha vizuri, mara nyingi ni moyo unadunda kwa hofu au kwa mapenzi. Mvua ndo pana kazi kidogo maana wao wanaipima kwa mlio: huālālā ni mvua ya kumwagika, xīxīlìlì ni rasharasha ya mchana kutwa. Hapo andika tu rasharasha, neno lenyewe lina mchakacho wake tayari.

Hūhū: hū peke yake ni kutoa pumzi. Upepo unatoa pumzi, mtu aliyelala anatoa pumzi, basi neno likawa moja. Tazama jirani yake kwenye sentensi. Kuna fēng hapo? Upepo unavuma. Kuna shuì? Mtoto kalala fofofo. Usiitafute maana kwenye hūhū, haipo.

MseeWaThika

Hapo kwa vitenzi umenifunza kitu mzee, nitaitumia darasani Jumatatu. Ila jogoo mwacheni aseme kokoriko, nimeona wao wanasema wōwōwō, huyo si jogoo huyo ni mtu ameumwa jino.

Binti_Nansio

Jogoo kokoriko tumepitisha. Limebaki moja nimewaachia mwisho kwa sababu linanitesa. Kuna nyenje kwenye mti, kila mwenzake akimfundisha kitu anajibu zhīliǎo zhīliǎo, na wenzake wanamcheka. Mbona wanacheka?

Mzee_wa_Wuhan

Aah hiyo sio mlio mtupu. Zhīliǎo ni sauti ya nyenje na ni jina lake pia, lakini ukiisoma kama maneno ni "nimeshajua". Kwaiyo nyenje hajui kitu ila kazi yake kusema nimeshajua nimeshajua. Hapo ukiweka mlio wa kwetu umeua hadithi na ukiweka maneno matupu umeua nyenje. Mi ningeandika "najuaaaa, najuaaaa", ile a ya mwisho ivutwe mpaka ijae upana wa ukurasa, mwambie mchoraji aiandike juu ya tawi. Kuna ndege nae ana mchezo huohuo, anaitwa bùgǔ kwa mlio wake na maneno yakisomwa ni "panda nafaka", wakulima wanamsikia msimu wa kupanda. Ukikutana nae kwenye kitabu kingine niite.

Kaka_Mzigo_GZ

Najuaaaa 😂 huyo nyenje nishafanya nae biashara.

Binti_Nansio

"Najuaaaa" inaingia. Natuma kurasa zote leo usiku na sababu zenu nimeziandika pembeni, akikataa tena chubwi nakuja kumleta hapa ajibizane na mwalimu.