Kalibreta imenunuliwa iendeshwe kwa kompyuta, sasa tunaambiwa amri zake ni "siri ya kiwanda"

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Sisi tunafanya ugezi wa mita za umeme, yaani kuhakiki kama zinapima sawasawa. Ofisi ilinunua kalibreta ya nguvu ya fezi tatu, mashine inayoipa mita umeme wa kiwango kinachojulikana ili kuona kosa lake, na kwenye zabuni sharti kubwa lilikuwa moja tu: iendeshwe kwa kompyuta. Anayeijua kazi hii anajua kwa nini. Chukua mita ya fezi moja ya Class 1 (daraja la usahihi) yenye mkondo wa msingi wa A 5 na paulsi 1000 kwa kWh, yaani taa yake inamweka mara 1000 kwa kila kWh. Ukiipa V 230 na asilimia 5 ya mkondo huo, hizo ni wati 57.5, na taa yake inawaka mara moja kwa zaidi ya dakika nzima! Paulsi kumi ni zaidi ya dakika kumi, na hapo umemaliza nukta moja ya kipimo. Bado kupandisha mkondo hadi wa juu kabisa, bado pawa fakta 0.5 (mkondo ukipishana na volteji), na kwa mita za fezi tatu bado fezi mojamoja. Hiyo ndiyo kazi ya kuiachia kompyuta, mtu aende akafanye mengine.

Mashine imefika, nyuma ina milango ya kuunganisha kompyuta ya kila aina: RS-232, USB mpaka GPIB. Mwongozo mnene kweli, ila ukifika sura ya kuiendesha kwa mbali unakuta maelezo ya kuchomeka kebo, kisha "wasiliana na wakala". Wakala naye anasema orodha ya amri haitolewi, tununue programu yao. Leseni yake ni bei ya kutisha na inafungwa kwenye kompyuta moja. Kompyuta ikifa, unalipa tena. Hapo tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi nikaandika programu mwenyewe kwa lugha ya Python. Amri ya kuiuliza utambulisho, *IDN?, inajibu vizuri, jina na toleo. Volteji inakubali, mkondo unakubali. Pembe ya fezi, ile kati ya volteji na mkondo? Kosa -113, yaani haiitambui amri. Kalibreta ya NGUVU isiyokubali kupangiwa pembe kwa kompyuta ni ya nini? Bila pembe hakuna pawa fakta, na bila pawa fakta nusu ya jedwali letu la vipimo halipo.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni amri ya *OPC?. Kazi yake ni kujibu 1 pale shughuli inapokamilika. Hii yetu inajibu 1 papo hapo, mkondo ungali unapanda! Programu inaamini, inaanza kuhesabu paulsi, kosa linatoka kubwa, na mita nzima ya mwananchi inaandikwa mbovu. Mimi nimeweka muda wa kusubiri ndani ya programu yangu. Je, ya kwao inasubiri? Haionyeshi. ISO/IEC 17025 ya 2017, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, inaitaka maabara ihakiki mifumo yake ya data kabla ya kuitumia, sasa mkaguzi akiniuliza nimwonyeshe nini, risiti?

Na suala la usalama: ukichomoa kebo ya USB katikati ya kipimo, V 230 zinaendelea kutoka kwenye terminali kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna mpangilio wa kuzima zenyewe mawasiliano yakikatika, au kama upo, basi nao umo kwenye ile orodha ya siri. Windows ikijizima usiku ili ijisasishe, asubuhi fundi anakuta meza ina umeme na skrini imelala.

Sina ugomvi na chuma chenyewe. Ukiipanga kwa vitufe vya mbele, umeme wake ni safi na unatulia. Ndiyo maana nakasirika: kifaa kizuri kimefungwa mdomo ili tulipe mara mbili. Tumeandika barua, tunapigwa danadana. Jibu la mwisho eti "tumieni vitufe vya mbele kwa sasa". Vitufe! SCPI, mfumo wa pamoja wa amri za vifaa vya kupimia, ipo tangu 1990 ili vifaa vya namna hii viongee lugha moja, leo naambiwa vitufe.

Mnaoandaa zabuni, andikeni wazi kwamba orodha kamili ya amri ikabidhiwe pamoja na mashine, na malipo ya mwisho yasubiri mpaka pembe ya fezi ipangwe kwa kompyuta mbele ya macho yenu. Na kama kuna mwenye kalibreta ya fezi tatu iliyogoma hivi na akapata amri ya pembe, aiweke hapa hapa, wengine nao waione.