Kwa nini pombe kali ilipanda bei Washington baada ya maduka ya serikali kufungwa?

Swali: Ndugu zangu, wapiga kura wa jimbo la Washington, Marekani, waliamua Novemba 2011 kuiondoa serikali katika uuzaji wa pombe kali, na tarehe 1 Juni 2012 maduka makubwa ya vyakula yakaanza kuiuza. Iweje ushindani upandishe bei badala ya kuishusha?

Jibu la 1: Ukiritimba uliondoka, lakini mapato ambayo serikali iliyapata kwa kuuza haikukubali kuyapoteza. Yaligeuzwa kuwa ada, yaani asilimia 17 kwa muuzaji wa rejareja na, mwanzoni, asilimia 10 kwa msambazaji, juu ya kodi ya mauzo ya asilimia 20.5 na nyingine ya takriban dola 3.77 kwa lita, ambazo zilikuwapo tangu awali. Kisha kila mfanyabiashara huongeza faida yake. Mnunuzi husoma bei moja kwenye rafu, akalipa nyingine iliyo kubwa zaidi.

Jibu la 2: Hayo ni kweli, ila urahisi nao una thamani: mahali pa kununulia paliongezeka kutoka mia tatu na ushei hadi zaidi ya 1,400. Hata hivyo sheria ilidai, kwa kawaida, duka lenye angalau futi za mraba 10,000, sharti lililowafaa wakubwa kama Costco, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, iliyogharimia sehemu kubwa ya kampeni ya kupitisha sheria hiyo.

Mwuliza swali: Nashukuru. Sasa naelewa kwa nini wakazi wa mpakani walivuka kwenda majimbo jirani ya Oregon na Idaho, ambako serikali bado inadhibiti biashara hiyo.