Merzbow mnamsikilizaje jamani?

Wakuu habari zenu, nimejaribu Pulse Demon, albamu ya 1996 ya Merzbow, yule Mjapani wa muziki wa kelele, mara tatu na kila nikifika kama dakika ya kumi naizima, hamna ngoma hamna mtu anayeimba ni kelele mwanzo mwisho. Ila nahisi kuna kitu pale na nakitaka kweli. Albamu zake ni mamia, nianzie wapi?

Jibu: Mkuu umeanzia pagumu. Anza na Merzbeat ya 2002, ina mapigo yanayojirudia kwa hiyo sikio linapata pa kushika, halafu ndo urudi kwenye kelele zenyewe. Na punguza sauti aisee, masikio yakiharibika hayarudi.

Jibu: Mi kilichonifungua ni jina. Masami Akita wa Tokyo, ndo Merzbow mwenyewe, kalitoa kwenye Merzbau, kazi ya sanaa ya Kurt Schwitters, yule Mjerumani aliyetengeneza sanaa kwa takataka, tiketi zilizotumika, makaratasi, vibao vya kuokota. Nilivyojua hivyo nikaacha kutafuta melodi nikawa nasikiliza tabaka, chini muungurumo, juu mkwaruzo, unachagua moja unaifuata hiyo hiyo mpaka zingine zinaanza kujitenga zenyewe, inachukua muda lakini inakuja.

Jibu: Minazo pia! 2006, kaitoa kwa heshima ya sili mmoja mkubwa, yule mnyama wa baharini. Huruma yake kwa wanyama mi huwa naisikia mle.

Asanteni sana, Merzbeat nimeimaliza jana usiku, leo naifuata Minazo.