Mvua zikigoma, kwenu nani alitoka? Tupeane uzoefu (Iringa, Njombe, Mbeya)

Kamwene wakuu. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Ukiharibika hakuna vuli ya kufidia. Ndiyo maana karibu kila nyumba ina mtu wake wa kutoka, yaani kwenda mbali kutafuta riziki. Sitaki maneno ya semina: nani alitoka, wapi, na kilirudi nini?

Naanza. Kwetu Ismani, Iringa, ambako wazee wanasimulia mahindi ya miaka ya 1960 utadhani ni nchi nyingine. Siku hizi yanakauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Baba akakaa na kaka, wakakubaliana aende Mlimba, bonde la Kilombero, akodi shamba la mpunga. Mchele ulikuja kwa treni ya TAZARA hadi Makambako, ukamalizia kwa basi. Ada yangu ilitoka humo. Kaka akaoa hukohuko. Sasa tunamwona misibani.

Mwana Mufindi: Nyie mlituma kaka. Kwetu alitumwa dada. Kamaliza la saba mwaka ambao mvua zilikatika Februari, shangazi akaja na nauli ya Dar, kazi za ndani. Mshahara wake ndio ulionunua mbolea yetu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Nasikia wataalamu wanaita "mkakati wa kaya". Sawa, ila mkakati wenyewe alikuwa binti wa miaka 14.

Mpunga Ubaruku: Mnaokimbilia huku bonde la Usangu mkidhani maji hayaishi, mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha tangu 1993. Kupandikiza mpunga kibarua kipo, watu wanashuka kutoka milimani kila msimu. Lakini kuhamia ni jambo jingine. Wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani kutafuta malisho, 2006 waliondolewa, wengine wakaishia Lindi. Kabla hujafunga mizigo uliza ardhi ni ya nani.

Kijana wa Chunya Road: Kaka yetu yuko machimbo ya dhahabu. Alituma mara mbili. Simu haipatikani.

Mama Wanging'ombe: Na sisi tuliobaki mbona hamtuulizi? Mume wangu anapasua mbao msitu wa Sao Hill, Mufindi. Kulima mimi, palizi mimi, mbegu ya muda mfupi nimeichagua mimi, lakini nikitaka kuuza debe moja nipige simu kwanza! Msimu mmoja hela yake ilichelewa, tukaokolewa na mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Halafu wenye shida kabisa hata hawatoki.

Mleta mada: Dada, hapo mwisho fafanua kidogo.

Mama Wanging'ombe: Kaka, kutoka kunataka nauli, na mwenyeji wa kukupokea. Jirani yangu mjane hana vyote viwili, na watoto wake bado wadogo. Mwaka mbaya analima kibarua kwangu, namlipa mahindi. Nayo ni hayohayo yaliyokauka nusu.