Seva mpya ni pacha wa ya zamani: tuinakili nzima nzima au tuijenge upya?

Naleta mada hii nikiwa mwanachama na pia fundi niliyeitwa. Sacco yetu hapa Tororo, Uganda, imenunua seva ya pili, pacha kabisa wa ile ya kwanza: modeli ile ile, diski zile zile, kadi za mtandao kwenye nafasi zile zile. Ya kwanza inaendesha Proxmox, mfumo unaowezesha seva moja kubeba mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, na ndani yake ziko tano, ikiwamo ya leja ya akiba na mikopo. Kamati inasema mashine ni sawa, basi itolewe fotokopi usiku mmoja na asubuhi kazi iendelee. Mimi napinga. Fedha ni za wanachama, kwa hiyo tubishane hapa kabla ya kikao cha Jumamosi.

Niseme ninachokiogopa. Miaka ya nyuma, kwenye sacco nyingine ambayo siitaji, nilinakili diski yote kwa Clonezilla. Nilimaliza saa nane usiku, nikawasha nakala, nikaona imeamka vizuri, nikaenda kulala. Waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa. Mashine pepe ya leja ilikuwa imewekewa kujiwasha yenyewe, ikajiwasha. Zikawa leja mbili, IP (anwani ya mtandao) moja, anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) moja, na swichi inayounganisha kompyuta haijui ipeleke wapi. Asubuhi makarani walipolalamika nikapiga ping kujaribu kama leja inajibu: majibu matatu, kimya, majibu mawili, kimya. Nikadhani ni waya mbovu. Nikabadilisha waya! Kufika saa tano, miamala mingine ilikuwa imeangukia leja ya zamani, mingine kwenye nakala, na mama mmoja wa sokoni amesimama dirishani na risiti ya akiba ambayo kompyuta inasema haipo. Tuliziunganisha kwa mkono, risiti baada ya risiti, siku tatu.

Fundi, Kampala:
Pole kaka, lakini kosa lako lilikuwa waya, si kunakili. Chomoa waya kwanza, zima kujiwasha, kisha badilisha IP, jina la seva, machine-id (kitambulisho cha mfumo) na funguo za SSH (zinazoitambulisha seva inapoingiwa kwa mbali). Halafu hujataja faida yenyewe ya pacha: Debian, mfumo wa Linux ambao Proxmox imejengwa juu yake, huzipa kadi za mtandao majina kwa kufuata nafasi zilipochomekwa. Nafasi zikiwa zile zile, majina ni yale yale, na vmbr0, daraja linalounganisha mashine pepe na mtandao, linainuka bila kuguswa. Ukijenga upya kwa kumbukumbu utasahau kitu. VLAN (mtandao uliotengwa) ya tawi, ratiba ya bakapu, ile njia ya mtandao aliyoiweka jamaa aliyeacha kazi. Nakala haisahau.

Mwenye mada:
Haisahau, na ndilo tatizo langu: haisahau hata kwamba yeye ni nani. Kwenye Proxmox kubadili jina si kugusa faili moja. Mipangilio ya mashine pepe hukaa chini ya /etc/pve/nodes, katika folda yenye jina la seva. Ukibadili jina bila kuihamisha, skrini inakuonyesha seva tupu na moyo unasimama. Tena tunataka hizi mbili ziwe klasta, yaani kundi la seva linalosimamiwa kama mfumo mmoja. Seva inayojiunga na klasta hairuhusiwi kuja na mashine pepe yoyote. Kwa hiyo ninakesha kuinakili, halafu kesho yake naimwaga nilichonakili? (Na klasta ya seva mbili inataka kura ya tatu ili wingi wa kura upatikane, hata kutoka kompyuta ndogo tu pembeni, la sivyo moja ikilala, nyingine inakataa kuwasha mashine. Hilo kamati halijaambiwa na muuzaji.)

Mhasibu, Mbale:
Mimi si fundi, naomba mnivumilie. Ninyi wawili mnabishana kuhusu usiku mmoja, lakini nilichosikia mimi ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa jinsi seva hiyo ilivyopangwa. Ikiungua leo na fundi yuko msibani Lira, tutafanyaje? Mkinakili, tutakuwa na mashine mbili ambazo hakuna azijuaye. Ningekuwa kwenye kamati yenu ningelipia siku mbili za kujenga upya, kwa sharti kwamba kila hatua iandikwe kwenye daftari linalobaki ofisini.

Fundi, Kampala:
Mama mhasibu, hapo umenishika. Ila seva isiyoingia klasta, bado nitanakili. Siachi.

Msimamizi wa mitambo, Jinja:
Kwa sisi tunaotumia VMware badala ya Proxmox kuna na suala la leseni. Nakala ya diski ya ESXi, mfumo wa VMware unaoendesha seva, inakuja na ufunguo wa leseni ya seva ya kwanza, na ufunguo huo haukuruhusu seva ya pili kwa sababu tu maunzi yanafanana. Tangu Broadcom iinunue VMware mwaka 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, hapo si pa kufanyia mzaha. Hata vmk0 ya nakala, kadi pepe ya kusimamia seva, huweza kuamka na MAC ya seva ya zamani. Ukirejesha faili la mipangilio badala ya diski, toleo la ESXi nalo lazima liwe lile lile.

Mwanasheria, Mbarara:
Nauliza moja tu: ile diski ya nje mnayonakilia inakwenda wapi baadaye? Ina majina, simu na mikopo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawataka mnaoishika muilinde. Sijawahi kuona mkataba wa fundi unaotaja mkoba wake.

Mwenye mada:
Swali hilo nimelibeba. Diski itafutwa mbele ya mweka hazina, kwa saini. Msimamo wangu haujabadilika: seva ijengwe upya, mashine pepe zirejeshwe kutoka bakapu, daftari liandikwe. Ijumaa jioni nitarejesha leja kwenye swichi isiyounganishwa na chochote, na mhasibu wetu achague vitabu kumi vya wanachama alinganishe salio moja moja na seva ya zamani. Wa Kampala, njoo na fleshi yako ya Clonezilla tushindane, chai ipo. Waya wa mtandao nitakaa nao mfukoni.